Profesa Aliyelisha Chupa

Mikono yake ilikuwa imekwisha. Hivyo ndivyo ningeanza kumweleza mtu ambaye hakuwahi kumwona. Uso ulikuwa wa mzee yeyote unayemkuta kwenye foleni ya benki: miwani, upara, na masharubu yaliyotunzwa kuliko nguo zake. Lakini mikono! Ilioshwa mpaka ngozi ikapasuka kwenye vifundo kama shamba la kwetu Ukambani mvua ikikosa, na ukimsalimia ulidhani umeshika msasa. Mimi nauza sufuria Ngara. Mikono yangu si ya kusifu. Lakini siku moja nilimwuliza, "Daktari, wewe huwa unamwoshea nani vyombo?"

"Naosha kabla ya kulisha, Mama," akasema.

Kulisha. Neno lake lilikuwa hilo. Ile maabara ya chuo kikuu iko ng'ambo ya mto ukitoka Ngara, juu kidogo, mahali unapofika kwa miguu ukihema. Wanaofanya kazi humo wanachunguza virusi vinavyoleta kansa, hasa ile ya mlango wa kizazi inayotumaliza sisi wanawake. Vijana wa makoti meupe walikuwa na maneno marefu ya Kiingereza kwa kila walichofanya. Yeye alikuwa mkubwa wao wote, wanamwita Profesa, na alisema tu kwamba analisha. Jina lake nitaliacha. Mwenyewe hakutaka majina ya watu ndani ya kazi yake, na sababu nitaisema.

Alicholisha ni chupa. Si chupa kama za soda. Ni chupa bapa, ndogo, zinazolazwa ubavu kwenye kabati lenye joto kama la mwili wa mtu. Ndani yake kuna maji mekundu mepesi, kama juisi ya tikiti maji. Na chini kabisa, kwenye sakafu ya chupa, kuna seli, vile vitu vidogo ambavyo mwili wote umejengwa navyo, vidogo hata macho hayavioni. Seli za kansa, zilizotolewa kwa watu, zikawa zinaishi humo peke yao. Zinakula yale maji. Zikishiba na kuchafua, maji yanageuka manjano, na hapo unajua zina njaa. Profesa aliinua chupa kuelekea dirishani, akakodoa, akasema "huyu hajala" au "huyu ameshiba", vile mimi ningesema juu ya kuku wangu.

Niliingiaje mimi, mama wa sufuria niliyeachia shule darasa la tatu, kwenye nyumba kama hiyo? Niliingia kwa ubishi.

Binti yangu Mwende alikufa kwa hiyo kansa, akaniachia Ndanu, mtoto bado wa kubebwa mgongoni. Kabla hajafa alikubali wamkate kipande cha ile nyama mbaya kipelekwe maabara. Aliniambia akiwa kitandani wadini, uso umekonda umebaki macho, lakini amefurahi kama mtu aliyetoa sadaka ya maana. "Mama, nimewapa waangalie. Labda itamsaidia Ndanu." Akafa. Tukampeleka nyumbani tukamzika. Watu wakiimba, udongo ukianguka juu ya jeneza, mimi nilikuwa nawaza jambo moja tu: hatujamzika mwili wote.

Niliporudi Nairobi nikafunga kibanda, nikamfunga Ndanu mgongoni kwa leso, nikavuka mto.

Askari wa mlangoni akanisimamisha. "Mama, unaenda wapi?"

"Nimekuja kuchukua mtoto wangu."

"Si huyo umembeba?"

"Huyu ni mjukuu. Mamake ndiye ako ndani."

"Mama, hapa hatulazi wagonjwa."

"Najua hamlazi. Nyinyi mnaweka watu kwa chupa."

Nikapita. Vijana wakanitokea kwenye korido, mmoja ananiambia Mama tafadhali, mwingine ananiambia Mama kuna utaratibu, na Ndanu naye mgongoni akaamua kulia kwa nguvu zake zote. Ndipo Profesa akatoka, mikono juu hivi, maji yanatiririka mpaka viwiko.

Nikamwambia ninachotaka. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema polepole, "Mama, hapa hakuna jina la mtu. Nyama ikija, inakuja na namba. Hata mimi sijui ni ya nani, na sitakiwi kujua. Hiyo ni sheria ya kuwalinda hao wagonjwa wenyewe."

"Basi mimi nakutajia siku aliyokatwa, utajua."

Nikaitaja. Nilimwona akitazama viatu vyake, na nikajua amejua.

"Vipande vingi hufa, Mama," akasema. "Tunavifikisha hapa, tunajaribu, vinakufa siku za kwanzakwanza. Hicho kimekataa kufa."

"Basi nipe nikazike."

"Nikikupa, utazika kitu kilicho hai."

Nikakaa chini kwenye simenti, na yule mtu mzima akakaa chini kando yangu na koti lake jeupe, mbele ya wanafunzi wake. Ndanu alipochoka kulia, Profesa akainuka, akaenda kuosha mikono upya, akanisimamisha nje ya mlango wenye kioo. Akaiinua chupa moja kwenye mwanga wa dirisha.

Nilitafuta uso. Unaweza kunicheka, lakini mzazi ukiambiwa mtoto wako yumo utatafuta uso. Niliona maji mekundu tu.

"Nani anamlisha?" nikamwuliza alipotoka.

"Mimi."

"Hata Jumapili?"

"Hata Jumapili."

"Basi mwache akae."

Tangu siku hiyo nilikuwa nakwenda kila baada ya muda, nikipata nafasi, na bakuli la muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Nilisimama kwenye korido nikamwuliza kama unavyomwuliza jirani habari za mgonjwa: "Msichana ameamkaje?" Naye alijibu, "Amekula. Amelala." Hakuongeza neno. Hakuwahi kutamka jina la Mwende na hakuwahi kuniita Mama Mwende, ingawa Ngara nzima inaniita hivyo. Aliniita Mama tu. Sheria yake alikuwa ameivunja mara moja kwa ajili yangu, na nadhani alikuwa anajaribu kuishikilia ile sehemu iliyobaki.

Alikuwa mkali. Usidhani kwa sababu alikaa nami chini alikuwa mpole. Mwanafunzi akifungua chupa hakutakiwa kuongea, kucheka, wala kupumua vibaya. Kuna kijana mmoja alipiga chafya juu ya kazi yake, Profesa akaichukua yote akaimwaga kwenye dawa ya kuua viini. Kazi ya wiki! Kijana akalia kama mtoto. Profesa akamnunulia chai na mandazi mawili, akamwambia hadithi za kuchekesha mpaka akacheka, na wiki iliyofuata akamwagia tena, kwa sababu ameegesha kiwiko mezani.

Amri yake kubwa ilikuwa moja, na aliirudia mpaka hata askari wa mlangoni aliijua: kila chupa na chakula chake. Usichote maji ya huyu ukampa yule. Usifungue mbili pamoja. Kwa sababu kulikuwa na seli nyingine humo ndani, za mtu wa ng'ambo ya bahari aliyekufa zamani sana, ambazo maabara za dunia nzima hugawiana. Hizo zina nguvu kama magugu. Tone moja likiruka kwenye chupa ya jirani, zinakua, zinakula chakula chote, na yule mwenyeji anakufa kimyakimya. Na kwa macho hutajua. Maji ni mekundu vilevile, yanageuka manjano vilevile.

"Mtoto wa mtu asile kijiko cha mwenzake," alikuwa anawaambia.

Nilimwuliza siku moja, maana lilikuwa linanikereketa, "Profesa, hicho unachonenepesha si ndicho kilichomuua mwanangu? Unamlisha adui?"

Akavua miwani akaifuta. "Nataka kujua anavyokula, Mama, ndiyo nijue atakufaje."

"Na unampenda?"

Swali la kijinga. Lakini alilifikiria, mtu mzima na elimu yake. "Namwamkia asubuhi," akasema. "Mke wangu analalamika kwamba yeye simwamkii."

Alikuwa hivyo. Mzee wa kanisa huko mtaa wa Jamhuri alikokuwa anaishi, mwenye kiti chake cha mbele, lakini stima ikipotea katikati ya mahubiri aliinuka akatoka mbio kama mtu aliyeambiwa nyumba inaungua, aende kuhakikisha jenereta ya chuo imewaka. Mchungaji alizoea. Mtu aliyejua kila kitu kuhusu mwili wa binadamu, lakini wake mwenyewe aliuendesha kama gari la kukopa. Presha yake ilikuwa ya kutisha, dawa zinakaa mfukoni mwa koti mpaka zinakuwa unga. Nikimgombeza alikuwa anasema, "Nitameza, Mama, nikishalisha." Anakumbuka chakula cha chupa, dawa zake hapana.

Na alikuwa na haya. Siku aliyokuja kibandani kwangu kumnunulia mkewe sufuria ya kupikia pilau, nilimshika hapohapo. Nikawaita wenzangu wa sokoni, "Njooni msikie huyu. Huyu ndiye anajua ule ugonjwa." Wakaja, wauza nguo, wauza viatu, wauza vyombo. Profesa akasimama katikati ya sufuria zangu, masikio yamekuwa meusi kwa aibu, akaanza kueleza kwamba virusi vinaingia kwa kulala na mtu, vinakaa miaka havisemi, na kwamba mwanamke akipimwa mapema mlango wake wa kizazi anapona.

Jirani yangu anayeuza nguo za kulalia akamkatiza. "Ngoja, Profesa. Huo mlango wewe umeuona wapi?"

"Kwa hadubini, Mama."

"Mkeo anajua?"

Wanawake walicheka mpaka mmoja akakalia mabirika yangu. Nilidhani hatarudi. Akarudi mwezi uliofuata, amekuja kununua mfuniko tu eti, akawauliza ni nani ameenda kupimwa. Akarudi tena. Mpaka wakaenda. Na huyohuyo wa nguo za kulalia, aliyemcheka, alikutwa na mwanzo wa ule ugonjwa, akatibiwa, na leo ukipita Ngara utamsikia anaita wateja kwa sauti ile ile mbaya. Kwa hiyo mtu asije akaniambia yule mzee hakufanya kitu maishani mwake.

Ndanu alikulia kwenye korido ile. Nilikuwa naenda naye, anafanya kazi ya shule kwenye benchi huku mimi nangoja kuuliza habari za mamake. Alipofika umri wa kuchanjwa ile chanjo ya wasichana, Profesa alitufuata mwenyewe kliniki, akamshikia begi. Ndanu akakunja uso kwa sindano. Profesa akamwambia, "Kazi yetu yote iko ndani ya hiyo sindano. Yote." Nadhani ndipo yule mtoto alipoamua. Alisoma kama mtu anayekimbizwa. Akaingia chuo, akaingia maabara ileile, akapewa koti jeupe. Nina picha yake nalo, na ukinunua sufuria kwangu lazima uione. Ukikataa kuitazama, bei haishuki.

Yeye ndiye ambaye Profesa alimfundisha kulisha chupa ile. Hakumpa haraka. Mwaka mzima alimwacha aoshe na kufuta. Halafu asubuhi moja akamwambia, "Leo lisha wewe." Ndanu aliporudi nyumbani hakula. Alikaa akitazama mikono yake. "Susu," akaniambia, ndivyo Wakamba tunavyomwita nyanya, "nimemlisha Mama."

Sasa nifike pale nisipotaka kufika.

Nyuma kidogo, Ndanu akiwa bado sekondari, chuo kilifungwa kwa mgomo. Wafanyakazi wote walikuwa nje, mageti yamefungwa, na mgomo ukavuta. Profesa alizungumza na askari akawa anaruhusiwa kuingia peke yake, kila siku, kulisha kila kitu kilichokuwa humo, chupa zake na za wengine wote. Kulikuwa na mtungi mkubwa wa moshi baridi ambamo waligandisha akiba ya kila chupa, na ule moshi hutakiwa kuongezwa. Hakukuwa na wa kuuleta. Mtungi ukakauka, akiba ikaoza. Kwa hiyo kilichobaki cha Mwende kilikuwa kwenye ile chupa moja tu, mkononi mwa mtu mmoja. Nilikuwa nampelekea chakula getini. Macho yake yalikuwa yameingia ndani. Siku moja akaegemea zile nondo akaniambia, "Mama, leo nimelisha nikiwa nimesimama usingizini."

Nikamwambia kula kwanza. Sikufikiria zaidi ya hapo.

Miaka ikapita. Wale wanaochapisha kazi za wasomi huko nje wakaanza kutaka kila chupa ihakikishwe ni ya nani, kwa kipimo fulani cha alama zilizo ndani ya seli, kama alama za vidole. Kazi hiyo akapewa Ndanu. Alirudi nyumbani jioni moja akasimama mlangoni na viatu.

"Susu, keti."

"Nimeketi."

"Zile seli si za Mama."

"Ni za nani?"

"Za yule wa ng'ambo. Ziliingia, zikamla zote. Sijui lini. Nimerudia kupima, nimerudia tena. Mama hayumo, Susu. Pengine hakuwemo tangu niko sekondari."

Nilikuwa nachambua maharagwe kwenye ungo. Niliendelea kuchambua. Nakumbuka niliyatoa mazuri nikaacha mawe.

Ndanu akaniambia vile Profesa alivyopokea. Alimwambia, "Pima tena mbele yangu." Akapima. Profesa akaketi. Halafu akaita maabara yote, akasimama mbele ya wale vijana aliowamwagia kazi kwa sababu ya chafya, akasema, "Kosa ni langu. Ni mkono wangu." Wakubwa wenzake walimshauri anyamaze, astaafu kwa heshima, nani atajua? Akakataa. Aliwaandikia wote waliokuwa wamechapisha kazi yake juu ya chupa ile kwamba waifute. Kazi ya miaka, ameimwaga kwenye dawa kama ile ya kijana wa chafya. Wanafunzi walilia. Yeye, Ndanu anasema, alikwenda kuosha mikono.

Nikasema sawa. Mtu ni huyo. Sasa atakuja kuniambia mimi.

Sikumngoja aje. Nilipika muthokoi nikapanda kilima, nikasimama kwenye korido mahali pangu. Nikauliza kama siku zote, "Msichana ameamkaje?"

Alitazama mikono yake. Ile mikono ya msasa. 

"Nina mkutano, Mama," akasema. Akapita.

Nilirudi tena baada ya muda. Askari akaniambia ametoka, na gari lake naliona kupitia dirishani. Sikurudi tena. Na nitasema wazi, nilimkasirikia kuliko nilivyoikasirikia ile kansa. Alikuwa na mdomo wa kuwaambia wageni wa dunia nzima, watu wasiomjua Mwende wala hawakuwahi kumpikia uji. Mimi niliyemwachia, mimi niliyesema mwache akae, alikosa neno la kuniambia. Nilikuwa nalia mara mbili: namlilia mtoto ambaye sikujua siku aliyoondoka, na namlilia rafiki anayejificha nyuma ya mlango. Ndanu alikuwa katikati yetu, anatoka kwake anakuja kwangu.

"Mwambie unajua," Ndanu alinisihi. "Susu, mwambie tu unajua, mmalize."

"Hapana. Yeye ndiye wa kusema."

Hakustaafu kwa sherehe. Alianguka akiwa anaosha mikono asubuhi, upande mmoja wa mwili ukafa. Kiharusi. Presha ile ile, dawa zile zile za mfukoni. Wakamlaza hospitali moja ya Parklands muda mrefu, halafu wakamrudisha nyumbani Jamhuri. Nikasikia, nikapika, nikaacha chakula kikalala, sikuenda. Mpaka Ndanu akaja kibandani mchana, wateja wamejaa, akaniambia, "Susu, Profesa anakuulizia. Hawezi kusema mengi. Hilo ndilo anasema."

Nikafunga kibanda.

Mkewe alinifungulia. Mwanamke mrefu, mchovu, tukasalimiana kwa kushikana mikono miwili. "Hali chakula vizuri," akaninong'oneza. "Anafunga meno. Kijiko kikikaribia anageuza uso. Afadhali wewe ujaribu." Akanipisha.

Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha, blanketi mapajani. Mdomo umekwenda upande. Lakini mimi nilitazama mikono, imelala juu ya blanketi. Ilikuwa imepona. Ngozi imefunga, imekuwa laini kama ya mtoto, kwa sababu hakuna anayeiosha kwa ajili ya kulisha mtu. Hapo ndipo nilipojua amekwisha. Hakuna daktari aliyeniambia.

Nikaketi kwenye stuli mbele yake. Sikumwuliza swali langu. Niliona akilingoja, naye aliona sitaliuliza.

"Mama... Mwende," akasema.

Mara ya kwanza. Kila herufi aliivuta kama ndoo kutoka kisimani.

"Naam."

"Hakuwa... yeye."

"Najua."

"Nime...lisha... mgeni."

"Najua, Profesa. Ndanu aliniambia siku ileile."

Akafumba macho. Maji yakamtoka upande ule mmoja tu unaofanya kazi. "Mbona... hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Nje watoto walikuwa wakicheza mpira kwenye lami, wanagombana kama goli limeingia au halikuingia. Tukawasikiliza. Nikamwuliza lile nililokuwa nalo tumboni muda wote huo tangu ungo wa maharagwe. "Aliondoka lini?"

"Sijui," akasema. Akahangaika. "Labda... mgomo."

"Ile siku uliniambia umesimama usingizini."

Akatikisa kichwa, ndiyo.

Basi. Nilikuwa getini siku ile na bakuli. Mwanangu alikuwa anaondoka, juu kule, na mimi nilikuwa chini namwambia anayemtunza kwamba ale kwanza. Hilo halikuwa jepesi, na bado si jepesi.

"Na huyo wa ng'ambo," nikasema. "Alikuwa mwanamke?"

"Mwana...mke."

"Alikuwa na mama?"

Akanitazama. Sijui kama hakuna aliyewahi kumwuliza, au hakuwahi kujiuliza. "Alikuwa... naye."

"Mama yake alijua kwamba kuna mtu Nairobi anamwamkia binti yake kila asubuhi? Hata Jumapili?"

Mkono ule mzima ukatoka kwenye blanketi ukatafuta wangu, nikaushika. Laini. Sikuuzoea.

Nikafungua bakuli. Nilikuwa nimeuponda muthokoi mpaka ukawa uji mzito, bila maganda, kama niliompondea Ndanu akianza kula. Nikaenda jikoni kwao nikaosha mikono, kwa sabuni, mpaka viwiko. Nikarudi nikaketi. Kijiko cha kwanza akafunga meno.

"Wewe," nikamwambia, "umenilishia mtoto, umenilishia na asiye wangu. Fungua huo mdomo."

Akafungua.

Ilichukua muda. Kingine kilirudi nikakifuta, kingine kikashuka. Nilikuwa namwambia habari za Ngara, jirani yangu wa nguo za kulalia na kelele zake, na Ndanu anavyowagombeza wanafunzi wapya wasiegeshe viwiko. Pembe moja ya mdomo ilitaka kucheka. Akamaliza nusu ya bakuli, halafu kichwa kikalala upande wa dirisha, pumzi ikatulia. Nikamvuta blanketi mpaka kifuani.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha vyombo mkononi, ananiuliza kwa macho.

"Amekula," nikamwambia. "Amelala."